Siku Niliyojikuta Upande wa Polisi

Mara ya kwanza nilipoitazama Minority Report nilikuwa kijana asiye na mke wala mtoto, na sikupata taabu kujua niko upande wa nani. Filamu hiyo, iliyoongozwa na Steven Spielberg na kutoka mwaka 2002, inatupeleka Washington ya mwaka 2054, ambako kikosi maalumu cha polisi huwakamata wauaji kabla hawajaua. Watu watatu waliojaliwa kuona mauaji yajayo wamelazwa katika bwawa la maji mazito. Wanapoona, mashine huchonga jina la atakayeuawa na la atakayeua kwenye vipira vya mbao, vipira huviringika ndani ya bomba, na polisi hutoka mbio kwenda kumnasa mtu ambaye bado hajamwaga hata tone la damu. Mwanzoni mwa filamu mume mmoja anamfumania mkewe na mwanamume mwingine, ananyanyua mkasi, na mkono wake unadakwa ukiwa hewani. Anapokamatwa analia kwamba hakuwa na nia ya kufanya lolote. Nilimwonea huruma, na kwa saa mbili zilizofuata nilisubiri mpango huo uanguke.

Miaka mingi baadaye niliitazama tena, usiku, nikiwa baba wa watoto wawili waliokuwa wamelala chumba cha pili. Filamu ilikuwa ile ile. Lakini niliposikia kwa mara nyingine kwamba mpango huo umefanya kazi kwa miaka 6 na kwamba mauaji katika mji huo yamekoma, sikuona tena haja ya kuusubiri uanguke. Nilijiuliza kwa dhati, bila kejeli yoyote: kwani ubaya uko wapi? Mke wa yule mwenye mkasi yu hai. Nikajikuta niko upande wa polisi, na jambo hilo lilininyima raha kuliko kitisho chochote kilichomo katika filamu yenyewe.

Tangu usiku ule nimekuwa nikizipima filamu za distopia, yaani zile zinazobuni jamii iliyoharibikia mikononi mwa waliodai kuiokoa, kwa swali moja ambalo mara nyingi hupitwa haraka: je, usalama ulioahidiwa humo umepatikana kweli? Mtu hawezi kudai kwamba ameonyeshwa biashara ya kubadilishana uhuru kwa usalama ikiwa sahani moja ya mizani ni tupu. Katika Nineteen Eighty-Four, ile iliyoongozwa na Michael Radford na kutoka mwaka 1984 wenyewe, raia wanatazamwa hadi chumbani, wanapewa chakula cha kupimiwa, na bado mabomu yanawaangukia. Uso wa mwigizaji mkuu, John Hurt, unatosha kutueleza kwamba hakuna aliyefaidika. Ni filamu kubwa, nami siipunguzii hadhi, ila habari yake ni ya unyang'anyi, si ya biashara; anayeitazama hashawishiki hata kwa dakika moja kutaka kuhamia huko, kwa hiyo anatoka akiwa mtu mwema kama alivyoingia.

Equilibrium, iliyotoka mwaka 2002, ilikaribia. Baada ya vita vya tatu vya dunia, watawala wa mji wa Libria wameamua kwamba chanzo cha vita ni hisia za binadamu, na kila raia analazimika kujidunga dawa inayoua hisia hizo. Hoja hiyo si ya kijinga. Ukiwasikiliza kwa utulivu utaona kuwa wana ushahidi wa kutosha katika historia. Kwa bahati mbaya filamu inachoka kuijadili mapema mno na kuhamia kwenye risasi, ambazo, nakiri, zimepangwa kwa ustadi.

Wazo lenyewe ni la zamani kuliko sinema. Mwanafalsafa Mwingereza Thomas Hobbes, akiandika mwaka 1651 wakati Uingereza imetoka kuchinjana yenyewe kwa yenyewe, alisema kwamba mahali pasipo mtawala mwenye nguvu kila mtu ni adui wa kila mtu, na kwamba ni akili, wala si woga, kumkabidhi mtawala haki ya kujiamulia mambo ili mtu aweze kulala usingizi. Upande wa pili hunukuliwa daima mwanasiasa wa Marekani Benjamin Franklin, aliyeandika mwaka 1755 kwamba wanaotoa uhuru wa msingi ili wanunue usalama kidogo wa muda hawastahili kupata kimoja wala kingine. Maneno hayo huwekwa kila mahali kana kwamba yalisemwa dhidi ya upelelezi wa serikali. Kumbe Franklin aliyaandika kwa niaba ya bunge la Pennsylvania lililokuwa likigombana na gavana wake kuhusu kuitoza kodi ardhi ya familia ya Penn, wamiliki wa koloni hilo, ili zipatikane fedha za kuilinda mipaka iliyokuwa ikishambuliwa. Uhuru aliokuwa akiutetea ni haki ya wawakilishi kutoza kodi, tena kodi ya ulinzi. Nalitaja hili kwa sababu linanikumbusha kwamba hata msemo unaopendwa kuliko yote katika mjadala huu ulizaliwa pale ambapo uhuru na usalama vilikuwa vinadaiwa kwa pamoja, na watu wale wale, katika barua moja.

Nina sababu yangu ya kutowacheka wanaochagua usalama. Binti yangu alipokuwa na umri wa miaka 6 alinipotea katika umati. Nilimwachia mkono ili nipokee simu, na nilipogeuka hakuwepo. Zilipita dakika 11. Nazijua kwa sababu simu ile ile niliyoipokea ilihifadhi saa. Nilimkuta ameketi kwenye ngazi pamoja na mama mmoja ambaye hatumfahamu, akimsimulia habari za paka wetu, na wala hakuwa amelia. Mimi ndiye niliyelia. Katika Minority Report, mkuu wa kikosi, John Anderton, anayeigizwa na Tom Cruise, alimpoteza mwanawe kwenye bwawa la kuogelea la umma: walikuwa wakishindana nani anaweza kubana pumzi zaidi, baba akazama chini ya maji, na alipoibuka mtoto hakuwepo tena. Mtoto huyo hakupatikana. Nilipokuwa kijana niliona kisa hicho kuwa kiungo tu cha kuchangamsha hadithi. Leo naona kwamba ndicho kinachoishikilia filamu nzima, kwa sababu mtu aliyewahi kuibuka kutoka majini na kukuta pembezoni mwa bwawa patupu atatia sahihi karatasi yoyote utakayomwekea mbele yake.

Nami nilitia sahihi yangu. Nilimnunulia binti yangu saa ya mkononi inayoonyesha mahali alipo mvaaji, na alipopata simu nikaiunganisha na ramani iliyomo katika simu yangu. Kwa miaka 8 nilikuwa na nukta ndogo ya buluu iliyonituliza kila nilipoitazama. Alipofikisha miaka 14 aliniuliza, kwa sauti ya mtu anayeulizia jambo lisilo na uzito, "Baba, ile ramani bado unaiangalia?"

"Naiangalia."

"Hata nikiwa darasani?"

"Hasa ukiwa njiani, mwanangu."

Hakusema zaidi. Siku chache baadaye nukta ilikaa nyumbani kwa rafiki yake jioni nzima, imetulia kama jiwe, na yeye akarudi akitokea upande mwingine kabisa wa barabara. Simu alikuwa ameiacha kwa huyo rafiki. Sikumgombeza, kwa kuwa nilihitaji kwanza kumeza ukweli kwamba jioni ile, na pengine jioni nyingine nisizozijua, nilichokuwa nikikilinda ni simu.

Kuna onyesho moja katika filamu ya Spielberg ambalo naliona kuwa dakika chache zenye thamani kuliko mijadala mingi iliyoandikwa kuhusu mambo haya. Anderton, ambaye sasa naye anasakwa, amejificha katika jengo la wapangaji akiwa amefungwa bandeji machoni, kwa kuwa amebadilisha macho ili mashine zisimtambue. Polisi hawaingii kugonga milango. Wanaachia roboti ndogo zenye umbo la buibui, nazo zinatambaa chini ya milango na kupanda juu ya watu ili kuzisoma mboni za macho yao. Kamera inapita juu ya vyumba kana kwamba jengo limefunuliwa paa. Chumba kimoja watoto wanapiga kelele za hofu. Chumba kingine mume na mke wanagombana vikali, kila mmoja anamfokea mwenzake. Buibui wanafika, wawili hao wananyamaza, wanasimama wima, wanakodoa macho, wanasomwa, kisha buibui wanaondoka na ugomvi unaendelea pale pale ulipokatikia.

Ule ukimya wao wa sekunde chache ndio unaonitisha. Hakuna anayepinga, hakuna anayeuliza hati ya mahakama, wala hakuna anayeonekana kuamini kwamba ametoa kitu. Mtu akikuibia utajua umeibiwa, na mtu akinunua kitu kwako mtapatana bei. Lakini kitu kilichotolewa kila siku, kidogo kidogo, kwa miaka 6, hugeuka kuwa desturi, na desturi haiandikwi kwenye daftari la mapato na matumizi. Filamu ilipigwa picha kabla ya mashambulizi ya Septemba 11, 2001, na ilifika kwenye kumbi za sinema Juni 2002. Katikati yake, siku 45 tu baada ya mashambulizi, Marekani ilikuwa imetia sahihi sheria iliyopanua kwa kiasi kikubwa uwezo wa vyombo vyake vya usalama wa kuwafuatilia watu. Waliokwenda kuitazama walidhani inawajibu wao, na ukweli ni kwamba ilikuwa imekwisha kuandikwa.

Hata hivyo, nina ugomvi na filamu hiyo. Mpango unaanguka kwa sababu mwanzilishi wake, mzee Lamar Burgess, aliwahi kuua mtu ili kuulinda, na siri yake inafichuka. Huko ni kukwepa. Tuseme Burgess angekuwa mzee mwadilifu, asiye na maiti nyuma yake. Je, tungeukubali mpango huo? Mwishoni tunaelezwa kwamba umefutwa na waliofungwa wameachiwa huru, lakini hatuambiwi ni watu wangapi waliouawa Washington mwaka uliofuata. Mwongozaji alituwekea kitu cha kweli kwenye mizani, kisha alipofika kwenye kupima akaizima taa.

Alichotuachia, pengine bila kukikazia sana, ni Agatha. Ni mmoja wa wale watatu wa bwawani, binti wa mama aliyekuwa mtumwa wa dawa za kulevya, na kipaji chake ni madhara ya dawa hizo. Yeye na wenzake hawatoki majini. Wanalishwa, wanatunzwa, wanasifiwa, na kila mauaji yanayozuiliwa lazima wao wayaone kwanza hadi mwisho, damu na yote. Katika filamu hiyo taifa linajiandaa kupiga kura ya maoni ili mpango uenee nchi nzima. Niliporudia kuitazama kwa mara ya tatu ndipo jambo hili liliponigonga: wote watakaopiga kura hiyo watapata usalama, na hakuna hata mmoja wao atakayelala ndani ya maji. Tunaposema kwamba "jamii inatoa uhuru wake ili ipate usalama", lugha inatudanganya, kwa sababu inatufanya tumfikirie mtu mmoja anayetoa kwa mkono wa kushoto na kupokea kwa mkono wa kulia. Katika filamu zilizo makini zaidi anayepokea ni mmoja na anayetozwa ni mwingine.

Hakuna aliyeonyesha utozaji huo kwa uchungu, na kwa kichekesho cha ajabu, kama Terry Gilliam katika Brazil ya mwaka 1985. Kwa kipimo changu cha mwanzo filamu hii ingeanguka, maana serikali iliyomo haimlindi yeyote: mabomu ya magaidi yanaendelea kulipuka, na naibu waziri anapoulizwa kuhusu kampeni hiyo ya mabomu ambayo imeingia mwaka wa 13, anajibu kwamba hiyo ni bahati ya wanaoanza. Bomu linalipuka mgahawani, moshi unatanda, majeruhi wanalia, na wahudumu wanaleta pazia la kukunja ili wateja waendelee kula. Lakini naivumilia kwa sababu ya risiti.

Yote yanaanza na nzi. Ofisa mmoja anampiga nzi, nzi anadondokea kwenye mashine ya kuchapa, na herufi moja ya jina la mtu anayetafutwa inabadilika: Tuttle anakuwa Buttle. Usiku wa kuamkia Krismasi, mama Buttle anawasomea watoto hadithi. Askari wanatoboa dari na kushuka ndani, wanamvisha mumewe gunia la kufungwa mikanda, wanamchukua. Kisha anaingia bwana mmoja aliyevaa vizuri, mwenye karatasi. Anamsomea mke maelezo ya kisheria, anamtaka atie sahihi kuthibitisha kwamba mumewe amechukuliwa, halafu, kwa uungwana wote wa ofisini, anampa risiti ya mumewe na kubaki na risiti yake ya ile risiti. Mama yule anatia sahihi huku akitetemeka, kwa sababu kalamu imewekwa mkononi mwake na mtu aliyezoea kuona watu wakitia sahihi.

Mumewe anafia mahojianoni. Kwa kuwa katika nchi hiyo mshukiwa hutozwa gharama za mahojiano yake mwenyewe, na kwa kuwa Buttle hakuwa Tuttle, hesabu zinaonyesha kwamba kuna fedha zilizokatwa kimakosa. Sam Lowry, karani mpole anayeigizwa na Jonathan Pryce, anajitolea kumpelekea mjane hundi ya marejesho. Anafika akiwa na furaha ya mtu anayetenda wema na kutandaza makaratasi yake, na mjane anamuuliza wameufanyia nini mwili wa mumewe. Sam hana fomu ya swali hilo. Nimeona filamu nyingi zenye mateso, vifaru na mbwa wakali, lakini sijaona nyingine inayonionyesha kwa karibu namna hiyo jinsi gharama ya usalama wa wote inavyoshushwa mlangoni kwa mtu mmoja, tena ikiwa na nambari sahihi ya kumbukumbu.

Children of Men ya Alfonso Cuarón, iliyotoka mwaka 2006, inaenda hatua moja mbele, kwa kuwa humo utengano wa anayefaidi na anayelipa umekuwa sera ya wazi. Ni mwaka 2027, hakuna mtoto aliyezaliwa popote duniani kwa miaka 18, nchi nyingi zimesambaratika, na Uingereza inajinadi kuwa ndiyo pekee iliyosimama. Usalama wake, kwa kiasi fulani, ni wa kweli: kuna treni, kuna ofisi, kuna kahawa. Mhusika mkuu, Theo, anashuka kituoni na kupita kando ya vizimba vya chuma ambamo wakimbizi wamefungiwa wima kama mifugo ya mnadani. Bibi mmoja anazungumza Kijerumani, hakuna anayemjibu. Theo hageuzi shingo. Si katili, ni mtu aliyechoka anayewahi kazini, na njia ya kwenda kazini inapita hapo. Uhuru uliotolewa ili yeye awahi kazini haukuwa wake, kwa hiyo hakuwahi kuhisi mfuko ukipungua.

Kuna kundi jingine la filamu ambalo hujishughulisha na muuzaji kuliko mnunuzi, na hili nitalipitia haraka kwa sababu linanishawishi kwa kiasi kidogo. V for Vendetta, iliyofika sinema mwaka 2006, inaeleza jinsi chama kimoja kilivyotwaa madaraka Uingereza baada ya ugonjwa wa kuambukiza kuua watu kwa maelfu, kikaahidi utulivu na kudai utiifu. Hotuba ambayo mhusika V anaitoa kwenye televisheni ni kali, na sehemu yake bora ni pale anapowaambia wananchi kwamba anayemtafuta mwenye hatia ajitazame kwenye kioo, kwani waliogopa, na walipoogopa wakamkimbilia aliyewaahidi amani. Baadaye, hata hivyo, filamu inakifunika kioo hicho: tunagundua kwamba ugonjwa ulitengenezwa na chama chenyewe. Mara hiyo hatia yote inahamia kwa walaghai, na sisi tulioogopa tunarudi kuwa wahanga waliouziwa mbuzi kwenye gunia. Ni faraja kubwa mno kwa mtazamaji. Hofu nyingi zinazomfanya mtu atoe uhuru wake hazitengenezwi na yeyote; zipo tu, na muuzaji anachofanya ni kusimama karibu nazo.

Wasomaji wa Shamba la Wanyama, ile tafsiri ya Fortunatus Kawegere ya mwaka 1967 ya riwaya ya George Orwell, Animal Farm, wanaijua hila hiyo katika umbo lake jepesi kuliko yote. Nguruwe wanajitwalia maziwa na matofaa, na wanyama wakinung'unika, mpiga debe wa nguruwe anawauliza kama kuna anayetaka mwenye shamba wa zamani arudi. Hakuna anayetaka. Mjadala unaishia hapo, na tishio lenyewe si la uongo, kwa sababu mwenye shamba yule alikuja kurudi kweli na bunduki. Filamu ya katuni iliyotokana na riwaya hiyo ya Orwell ilitengenezwa Uingereza na John Halas na Joy Batchelor na kutoka mwaka 1954, na fedha zake zilitolewa kwa siri na shirika la ujasusi la Marekani. Mwisho wa hadithi ulibadilishwa pia, wanyama wakapindua nguruwe. Sijui kama nicheke: kisa cha kuwatahadharisha watu dhidi ya walinzi wanaowaficha mambo kililipiwa na walinzi waliokuwa wakificha kwamba wamekilipia.

Ukitaka kuona mizani ikipimwa kwa uaminifu, nenda kwenye filamu ambayo watu wa heshima huona aibu kuitaja. Demolition Man ya mwaka 1993 ni ya ngumi na milipuko, ikiwa na Sylvester Stallone na Wesley Snipes, na ndani yake kuna mji wa mwaka 2032, San Angeles, ambamo uhalifu wa damu umetoweka kabisa. Watu wanasalimiana kwa upole, barabara ni safi, polisi hawajui kupigana. Bei yake ni kwamba nyama, chumvi, pombe na tumbaku vimepigwa marufuku, na ukitukana popote mashine ya ukutani inakutoza faini na kukutolea karatasi. Mtazamaji anacheka, lakini akijihoji vizuri atakiri kwamba bei hiyo si kubwa. Mimi ningeacha chumvi ikiwa binti yangu angeweza kutembea usiku peke yake. Nani asingeacha?

Filamu inalijibu swali hilo kwa namna ambayo sikuitarajia kutoka kwa kazi ya aina yake. Kwanza inatupeleka chini ya mji, kwenye mitaro, wanakoishi wenye njaa ambao amani ile haiwahesabu. Halafu inamleta muuaji mmoja wa zamani, na polisi waliozunguka naye wanasimama wakisubiri kifaa chao cha mkononi kiwaelekeze la kufanya, kwa sababu mkono wa kujitetea umekauka kwa kukosa kazi. Na muuaji huyo hakutoroka. Aliachiwa makusudi na Dakta Cocteau, mzee mpole aliyeujenga mji wote huo, ili akamuue kiongozi wa wale wa mitaroni. Mji usio na mauaji umehitaji kuazima muuaji.

Nimeiacha mwisho THX 1138, filamu ndefu ya kwanza ya George Lucas, ya mwaka 1971, kwa kuwa ndiyo ninayoirudia mara nyingi zaidi siku hizi. Watu wanaishi mji wa chini ya ardhi, wamenyolewa vichwa, wamevaa nguo nyeupe, na kosa la kutokunywa dawa za kuwatuliza hupelekwa mahakamani. Polisi ni roboti zenye nyuso za chuma kinachong'aa, na sauti zao ni za upole kuliko za wauguzi. Mtu anayeitwa THX 1138, akiigizwa na Robert Duvall, anakimbia. Wakati anakimbia tunasikia wahasibu: kila dakika ya msako ina gharama, bajeti ya kumkamata imewekwa, na sauti zinatoa taarifa jinsi inavyoliwa. Ndiyo filamu pekee kati ya nilizozitaja ambamo bei inasomwa kwa sauti, ingawa anayeisoma ni muuzaji na anaihesabu kwa fedha yake.

Bajeti inapitwa. Roboti iliyokuwa nyuma yake ikipanda ngazi ndefu ya chuma inaamriwa kurudi, na kabla ya kurudi inamsihi kwa upole ule ule kwamba hana pa kwenda, kwamba hawezi kuishi nje ya mji, kwamba wanataka tu kumsaidia. Ninavyoiona, haidanganyi hata kidogo. THX anaendelea kupanda. Anatokea juu ya ardhi, jua kubwa jekundu linazama nyuma yake, ndege anapita, naye anasimama pale peke yake, amevaa nguo zile zile za ndani ya mji, usiku ukiingia, bila maji wala kibiriti.

Binti yangu alikuwa ameketi kando yangu mara ya mwisho nilipoitazama. Ramani nilikwisha kuifuta, kwa makubaliano kwamba atanipigia simu akichelewa, makubaliano ambayo huyatimiza mara mbili kati ya tatu. Majina yalipoanza kupanda kwenye skrini aliniuliza yule mtu atalala wapi usiku huo.